Umeipima seva, au umeipima laptopu yako?

Mdogo wangu ameposwa, Mama amefika kutoka Lushoto na nusu gunia la viazi, na ofisi imehamia ghorofa ya tatu. Lakini kinachoninyima usingizi ni sentensi moja ya Mzee wa ofisini. Jumatatu, mbele ya wenzangu wote, nilionyesha kwamba kiraka changu, yaani badiliko dogo la programu, kile nilichokilalamikia humu mwezi uliopita, kimeongeza idadi ya maombi kutoka kompyuta nyingine ambayo seva yetu, programu inayoyajibu kwenye mtandao, inahudumia kwa sekunde. Mzee akavua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya shati, kisha akauliza, "Binti yangu, umeipima seva, au umeipima laptopu yako?" Nikajibu, "Vyote viwili, Mzee." Wakacheka.

Tangu hapo nimekwisha kumjibu mara mia. Kwenye daladala namjibu kwa takwimu; jikoni, nikimenya vile viazi, namjibu kwa ukali ambao adabu isingeuruhusu. Kila mara anaifuta miwani, na kila mara nashindwa, kwa sababu alisema kweli: programu ya kutuma maombi na seva yenyewe vilikuwa ndani ya mashine moja, vikigombea kichakataji kimoja, kama mchezaji aliyekabidhiwa na filimbi ya refa.

Alhamisi niliunganisha mashine mbili kwa kebo, nikarudia kila jaribio mara tano, zamu yenye kiraka na zamu isiyo nacho, na nikaitupa raundi ya kwanza kwa kuwa kache, hifadhi ya muda ya data, ilikuwa bado haijajaa. Kwenye mfumo wa uendeshaji wa Linux kiraka kilifaa: kila mchakato, yaani nakala ya seva inayoendeshwa, ulifungua soketi yake, ncha ya kupokelea miunganisho, kwenye mlango uleule wa mtandao kwa SO_REUSEPORT, chaguo lililopo tangu kerneli (kiini cha mfumo) toleo la 3.9 la mwaka 2013, na kerneli ikaigawia michakato kazi. Kwenye FreeBSD 11, mfumo mwingine wa uendeshaji, ambao mteja wetu mmoja hataki kuuachia, seva ilizidi kuwa nzito. Nikafungua top, programu inayoonyesha kila mchakato unatumia kichakataji kiasi gani. Mchakato mmoja ulikuwa asilimia 100, na mingine saba imekaa kwenye sifuri kama wageni waliowahi shughuli kabla ya wenyeji.

Hapo nikacheka peke yangu hadi mlinzi akachungulia. Jina la chaguo ni lilelile, tabia siyo: katika FreeBSD ile, soketi iliyofunguliwa mwisho ndiyo hupokea miunganisho yote ya TCP (njia ya kawaida ya kompyuta kuunganishwa mtandaoni), na ugawaji ulikuja na toleo la 12, mwaka 2018, kwa jina la SO_REUSEPORT_LB. Kosa tamu kuliko ushindi wangu wa Jumatatu. Nilimtumia Mzee picha ya skrini, naye akajibu kwa neno moja tu: "Toleo?" Safari hii nilikuwa nalo.

Mahari yanapokelewa Jumamosi, na baba mdogo, ambaye ndiye msemaji wetu, hajapokea simu tangu juzi.