Mtoto anakohoa, paka anakohoa: nilivyoshughulikia hewa ya nyumba yetu

Nilimpeleka paka wetu kwa daktari wa wanyama kwa sababu ya kikohozi. Akamsikiliza kifua, akamshika shika koo, kisha akanigeukia: "Mama, kuna mwingine anayekohoa nyumbani?"

Yupo. Mwanangu ana pumu, na kwa muda huo alikuwa akiamka usiku akihema, anakaa kitandani mpaka dawa ya kuvuta imtulize. Kila mmoja alikuwa na daktari wake na dawa zake, na hapakuwa na mtu aliyeuliza habari za nyumba wanayolala wote wawili. Swali hilo ndilo lililonielekeza, na ninamshukuru daktari yule mpaka leo.

Kwanza nieleze kikohozi cha paka, maana wengi hukipita. Paka mwenye pumu hujikunyata karibu na sakafu, hunyoosha shingo mbele na kukohoa kana kwamba anataka kutapika nywele, halafu hakuna kinachotoka. Huyu wetu alifanya hivyo zaidi asubuhi, akitokea nyuma ya kabati la nguo la mtoto, mahali anapopenda kulala. Tuliposogeza kabati, ukuta wote wa chini ulikuwa na madoa meusi ya ukungu, na ubao wa mgongo wa kabati umelainika kiasi kwamba kidole kinazama. Harufu ya uvundo niliyodhani ni ya nguo zisizokauka vizuri ilikuwa inatoka hapo.

Ukungu hutoa vijimbegu visivyoonekana kwa macho, na mwenye njia za hewa nyepesi kuudhika ndiye huvihisi kwanza. Paka yuko ndani karibu saa zote, pua yake iko chini ambako vumbi hutua, na akijilamba humeza kila kilichoshika manyoya yake. Mtoto naye hucheza sakafuni. Ndiyo maana mnyama wa nyumbani mara nyingi hutangulia kuonyesha dalili. Kule Minamata, Japani, paka walikuwa wakiyumba na kupata degedege kutokana na samaki wenye zebaki hata kabla ugonjwa wa watu haujatangazwa rasmi mwaka 1956. Mkasa wa kwetu ni mdogo mno ukilinganisha na huo, lakini njia ni ile ile: sumu au kero haichagui nani ana miguu mingapi.

Nilinunua kipima unyevu kidogo cha kuweka mezani. Ndani ya nyumba unyevu unatakiwa uwe kati ya asilimia 30 na 50, na usivuke 60. Chumba cha mtoto usiku kilipita 70. Fundi bomba akakuta bomba la bafuni, upande wa pili wa ukuta ule ule, linavuja polepole ndani ya plasta. Mwenye nyumba alitaka tupake rangi juu yaishe. Nilikataa, kwa sababu rangi juu ya ukuta mbichi huficha ukungu kwa muda tu, kisha hubanduka. Tulibishana, lakini bomba likatengenezwa, plasta iliyooza ikakwanguliwa, ukuta ukaachwa ukauke kabisa kabla ya kupigwa plasta upya. Kabati tulilitupa, maana ubao uliokwisha kunyonya ukungu hausafishiki. Sehemu ngumu tulizisugua kwa maji na sabuni, tumevaa barakoa, mtoto na paka wakiwa nje ya nyumba. Anayetumia dawa ya klorini asiichanganye na dawa nyingine ya usafi. Ikikutana na amonia au asidi hutoa gesi ya sumu.

Bomba lilikuwa chanzo kikubwa, ila halikuwa peke yake. Nguo za kufua zilizoanikwa ndani huweza kutoa takribani lita 2 za maji hewani kwa mzigo mmoja, kwa hiyo nguo zikahamia nje. Madirisha ya pande mbili yakawa yanafunguliwa kwa pamoja ili hewa ipite, badala ya moja lililokuwa likizungusha hewa ile ile. Samani zote sasa zimeachana na ukuta kwa upana wa kiganja.

Jambo lililonigusa zaidi ni dawa ya mbu ya kuchoma. Utafiti mmoja ulipima moshi wake ukakuta koili moja nzima ya dawa hiyo hutoa chembe laini nyingi kama sigara 75 hadi 137. Tulikuwa tukiiwasha chumbani kwa mtoto, kwa upendo kabisa. Chandarua kikachukua nafasi yake. Mashuka yanafuliwa kwa maji ya nyuzi 60, joto linaloua utitiri wa vumbi, vile vijidudu vidogo vya kwenye matandiko vinavyochochea pumu. Utitiri huo hunywa unyevu wa hewani, na hewa ikikauka chini ya asilimia 50 nao hupungua. Mchanga wa choo cha paka nilibadilisha nikachukua usiotimka vumbi.

Dawa hatukuacha hata siku moja, na asije mtu akaacha kwa sababu amesafisha ukuta. Paka na mtoto wanatumia dawa ya kuvuta ya aina moja, flutikasoni, kila mmoja kwa chemba yake, yaani kile kichupa cha plastiki chenye barakoa kinachopokea dawa kabla haijavutwa, na kwa kipimo cha daktari wake. Mtoto alipoona paka anavuta dawa kama yeye, aliacha kukimbia ya kwake. Yeye ndiye anayehesabu pumzi za paka akiwa amelala: zikivuka 30 kwa dakika, ananiita.

Mtoto sasa analala usiku kucha, na daktari wake amempunguzia kipimo. Paka bado anahitaji dawa kila siku, ingawa kile kikohozi cha asubuhi kimekuwa nadra. Kipima unyevu kiko juu ya rafu chumbani kwa mtoto, na kikivuka 60 tunafungua madirisha, tukikagua na ule ukuta wa bafuni.