Maumivu ya uvimbe sugu wa kongosho (pancreatitis sugu, si saratani): nilivyoyatenganisha kabla ya kuyatibu

Maumivu haya hayana chanzo kimoja, na dawa inayotuliza chanzo hiki huenda isiguse kile. Kwa hiyo nilianza na daftari: saa, mahali panapouma, mlo wa mwisho, hali ya choo.

Yanayouma juu ya kitovu, yakapenya hadi mgongoni na kupungua nikiinama mbele, niliyaandika kuwa ya kongosho lenyewe. Yakipanda baada ya kula, wa kwanza kushukiwa ni mrija mkuu: vijiwe vya kalsiamu au kovu huubana, maji ya kongosho yanakosa njia, shinikizo linapanda nyuma ya kizuizi. CT, yaani picha za ndani ya mwili kwa eksirei na kompyuta, huonyesha vijiwe na upana wa mrija. Hapo huvunjwa vijiwe kwa mawimbi, huwekwa kijirija kwa endoskopia (kifaa chenye kamera kinachopitishwa mdomoni), au hufanyika upasuaji. Binafsi naona upasuaji hucheleweshwa bure. Mrija uliotanuka ukifanyiwa upasuaji mapema, nafuu huwa kubwa kuliko kurudia endoskopia.

Mrija ukifunguka na maumivu yakabaki, tazama neva. Uvimbe wa muda mrefu huzinenepesha na kuziharibu, kisha uti wa mgongo na ubongo huongeza sauti ya kila ishara, hata ndogo. Kupandisha dozi ya dawa za jamii ya morfini hapo ni mtego: utumbo unalegea, choo kinafunga, na tumbo huweza kuuma zaidi kwa sababu ya dawa yenyewe. Niliuliza kuhusu pregabalini na amitriptilini, dawa za maumivu ya neva, ambazo huanzwa kwa dozi ndogo na kupandishwa polepole.

Msokoto wenye gesi na choo cha mafuta kinachoelea ni suala la usagaji. Tiba yake ni vidonge vya vimeng'enya vinavyosaga chakula: uniti 40,000 hadi 50,000 za lipasi (kimeng'enya cha kusaga mafuta) kwa mlo kamili, nusu yake kwa kitafunwa. Sehemu humezwa na tonge la kwanza, iliyobaki katikati ya mlo. Ukimeza ukishamaliza kula, havichanganyiki vizuri na chakula. Usitarajie vitulize maumivu ya mrija au ya neva.

Pombe na sigara niliacha vyote, maana sigara peke yake huendeleza uharibifu.

Maumivu yakibadilika ghafla, daftari liwekwe kando. Macho ya njano, kutapika kila baada ya mlo au uzito kushuka huweza kuwa mrija wa nyongo uliobanwa, mfuko wa maji au saratani, na huhitaji picha mpya, si dozi mpya.