Kumbukumbu ya karakana ya uani: shabu, ukwaju na ukoko wa mvinyo

Julai 6

Bangili ya tatu imetoka na madoa, na safari hii siwezi kusingizia nyundo. Shaba nyekundu ukiigonga sana inakuwa ngumu, kisha inapasuka. Lazima kila baada ya muda uirudishe kwenye mkaa mpaka iive wekundu hafifu, uitumbukize majini, ndipo inalainika tena. Lakini kila ikipita motoni inavaa koti jeusi, na ukigonga juu ya koti hilo unalizamisha ndani ya shaba. Hapo hata tupa haikusaidii.

Wafuaji wa shaba ninaowatazama kwenye simu wana unga wao wa kutoa weusi huo, ule unaotumika kupunguza ukali wa maji ya mabwawa ya kuogelea. Sisi wa Nkuhungu, hapa Dodoma, mabwawa ya kuogelea hatuna, tuna ndoo. Leo nimekwenda duka moja la kemikali mjini. Kijana wa kaunta akanitazama kuanzia viatu hadi kofia, akaniuliza nina kibali cha nani. Sikumlaumu. Kemikali za viwandani na majumbani zina sheria yake tangu 2003, na Mkemia Mkuu wa Serikali ndiye mwenye kauli. Nimerudi na mikono mitupu pamoja na vumbi la Julai machoni.

Rafiki yangu wa gereji ameniambia nitumie maji ya betri. Nimeyaona yalivyoifanya suruali yake. Hapana.

Julai 12

Ndimu sita, chumvi ya mawe vijiko viwili, maji ya moto kikombe kimoja. Bangili imekaa humo kama dakika ishirini, na weusi umeanza kuachia wenyewe, chini yake kuna rangi ya waridi. Nimefurahi mpaka nikamwita mama aje kuona. Mama akaona ndimu.

"Hizo si za mchuzi wa kesho?"

Zilikuwa za mchuzi wa kesho.

Julai 20

Nimekwenda Mvumi kumsalimia bibi, nikiwa na bangili mfukoni. Baada ya mbukwa, salamu yetu ya Kigogo, na shikamoo nimemwonyesha. Akaigeuzageuza, akauliza kwa nini naisafisha kwa ndimu kama samaki. Wao enzi zao walisugua kwa ukwaju na majivu. Ukwaju kwanza, majivu baadaye.

Nimelifikiria jibu hilo njia nzima kwenye basi. Ukali wa ndimu na ukali wa ukwaju si kitu kimoja. Ndimu inabeba asidi ya sitriki, wakati ukwaju umejaa asidi ya tartariki. Na majivu ni kinyume cha asidi: yanaua ukali uliobaki na hapohapo yanasugua. Bibi hajawahi kukaa darasa la kemia, ila mpangilio wake hauna kosa hata moja. Ukibakisha asidi juu ya shaba, kesho yake unakuta kutu ya kijani.

Huku kwetu miti ya ukwaju ipo tele na bei yake hainitishi, kwa hiyo ndimu zimerudi jikoni. Mama ametulia.

Julai 27

Nusu kilo ya ukwaju nimeiloweka usiku kucha, nikachuja kwa kitambaa, nikaongeza chumvi, nikapasha moto ndani ya chungu. Nasema chungu kwa makusudi. Sufuria zetu za alumini zingeliwa na mchuzi huu, na za chuma zina matatizo yake, nitayaeleza. Chungu hicho nimekipaka alama nyekundu na hakiingii tena jikoni. Maji yake yanabeba shaba iliyoyeyuka, na hiyo ni sumu.

Weusi unatoka polepole kuliko kwa ndimu, labda nusu saa, lakini unatoka sawasawa. Baada ya hapo nachovya kwenye maji ya magadi, yaleyale ya kulainishia maharage. Yakitoa povu, asidi bado ipo. Yakinyamaza, suuza.

Suuza yenyewe ilinisumbua. Maji yetu ya Dodoma ni mazito, kila tone likikauka linaacha duara jeupe. Sasa suuza ya mwisho natumia maji ya kunywa ya chupa, nusu glasi tu, kisha nakausha na kitambaa papo hapo.

Agosti 3

Aibu ya wiki. Nilikuwa na bangili mbili za shaba ya njano, nilizozifua kutoka kwenye koki kuukuu za bomba. Nimeziingiza kwenye chungu, nikazigeuza kwa koleo la chuma. Zimetoka na rangi ya waridi kama zimepakwa hina.

Kumbe yale maji ya ukwaju yalikuwa yameshakunywa shaba ya wiki iliyopita. Chuma kikiingia, kinaanza kuyeyuka chenyewe na kuisukuma shaba itoke majini, nayo inaganda juu ya kile kilichogusana nacho. Kwa fundi wa kupaka shaba hiyo ni riziki. Kwangu ilikuwa saa mbili za kusugua kwa majivu. Sasa naingizia na kutolea vitu kwa vijiti vya mwanzi.

Jambo jingine: mchuzi uliochoka nilikuwa namwaga chini ya mche wa mpapai. Mche umekufa. Siku hizi nautilia magadi kidogo kidogo mpaka povu liishe, unatuama tope la kijani linaloelekea bluu, ambalo lina shaba ndani yake. Naliacha likauke, nalifungia kwenye kopo lenye maandishi makubwa.

Agosti 10

Nilisoma kwamba masonara wa zamani walitumia alumu kusafishia kazi yao. Nimekwenda Soko la Majengo, kwa mzee mmoja anayeuza dawa za asili.

"Shikamoo mzee. Naulizia alumu."

"Marahaba. Alumu ndiyo nini?"

Nikaeleza: mawe meupe yanayong'aa kama barafu, yanatuliza tope la maji, vinyozi wa zamani walikuwa wanapakia kidevu kilichokatwa na wembe. Hata sijamaliza.

"Shabu! Sasa si ungesema shabu?" Akachota kwenye kopo. Lilikuwa mbele ya macho yangu muda wote.

Mwezi mzima nimezunguka na majina ya vitabuni kumbe vitu vyenyewe vina majina ya Kiswahili, na wanaovijua ni wauzaji wa dawa, vinyozi na mabibi. Wiki hiyohiyo nikapita kwa fundi wa makopo, yule wa kutengeneza vibatari na mitungi ya kumwagilia bustani. Nilimwona anasugua ncha ya chuma chake cha kulehemu kwenye kibonge cheupe, moshi ukafuka, ncha ikatoka safi na risasi ikashika. Nikauliza. "Nushadiri," akasema, kama mtu anayetaja chumvi. Ni chumvi kweli, ya amonia na kloridi. Ikipata joto inageuka mvuke mkali unaokula kutu. Amenikatia kipande, akaniambia nisiinamie moshi wake.

Agosti 17

Shabu imefanya kitu ambacho sikukitegemea. Nilikuwa natoboa kidani cha shaba ya njano, biti ya milimita mbili ikakatikia ndani. Haina pa kushika, ukiigonga unaharibu kidani. Nikayeyusha shabu nyingi kadiri maji ya moto yalivyoweza kubeba, nikatumbukiza kidani, nikakiacha kwenye jiko la makaa mepesi, chungu kikichemka taratibu. Vipovu vidogo vikaanza kutoka palepale penye chuma. Shabu inakula chuma na kuiacha shaba. Nimeongeza maji mara tatu, nimelala, nimeamka nimeendelea. Leo saa tano asubuhi nimegonga kidani mezani, kimedondosha uchafu mweusi, na tundu liko wazi.

Nimelitazama tundu hilo kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mzima.

Agosti 31

Kutu ya jiliwa langu la mtumba, lile la kubania kazi mezani, nimeitoa kwa magadi na chaja ya betri. Inajulikana, sitairefusha: ndani ya maji ya magadi, chuma chenye kutu kinaungwa upande wa hasi wa chaja, kipande cha chuma cha kawaida upande wa chanya, usitumie chuma kisichoshika kutu maana hutoa kromiamu yenye sumu, na fanyia nje kwa sababu gesi inayotoka inawaka.

Septemba 14

Hii ndiyo nilitaka kuiandika tangu juzi.

Shemeji yangu wa Hombolo anatengeneza mvinyo wa nyumbani kwa zabibu za shambani kwake. Nilikwenda kumsaidia kuhamisha mvinyo kutoka pipa moja hadi jingine. Pipa likabaki tupu, nikaona kuta zake zimeshika ukoko, vijiwe vya zambarau vinavyokwaruza kama sukari guru. Yeye huukwangua na kuutupa.

"Shemeji, usitupe."

"Unaula?"

Ukoko huo ni chumvi ya asidi ya tartariki, asidi ileile ya ukwaju wa bibi. Zabibu inayo nyingi. Mvinyo ukishachacha, na baridi ya usiku wa Juni na Julai ikiupiga, chumvi hiyo inashindwa kubaki ndani na kuganda ukutani. Kutoka kwenye ukoko kama huo ndipo mkemia Scheele wa Sweden alipoitoa asidi yenyewe mwaka 1769. Na masonara walikuwa wakichemsha fedha ndani ya ukoko na chumvi ili iwe nyeupe, karne nyingi kabla yake.

Nimerudi na gramu mia tatu hivi kwenye mfuko wa rambo. Kuusafisha ni rahisi kwa sababu ya tabia yake: lita moja ya maji ya kawaida inayeyusha gramu sita hivi, ila yakichemka yanabeba karibu sitini. Nimeuyeyusha kwenye maji yanayochemka, nikachuja ungali wa moto, nikauacha upoe usiku. Asubuhi kulikuwa na fuwele chini ya chungu, za waridi. Nimerudia, zikatoka karibu nyeupe.

Septemba 21

Bibi amenipa pete yake ya fedha kwa masharti kwamba ikiharibika nisirudi Mvumi. Kijiko cha fuwele, kijiko cha chumvi, maji ya chupa, chungu kipya ambacho hakijawahi kuona shaba. Imechemka robo saa. Imetoka nyeupe butu, kama chaki, nikadhani nimekwisha. Kisha nikaisugua kwa majivu laini yaliyochekechwa na kitambaa cha pamba, ikaanza kung'aa kidogo kidogo kuanzia ukingoni.

Jumapili naipeleka. Shemeji naye amepiga simu: mapipa mawili yaliyobaki hatayakwangua mpaka nifike, na bei ya ukoko ni bangili moja kwa kila pipa, ya shaba nyekundu, isiyo na madoa.