Mipaka ya swali na karani wa mizani

Mpwa wangu anayesoma kompyuta chuoni amekuja Malindi likizo, na mchana kutwa yuko kwenye mazoezi ya ICPC, mashindano ya kimataifa ya vyuo ya kuandika programu. Sheria zake si mchezo: watu watatu, kompyuta moja, muda wa saa tano, na kila jibu lililokataliwa linakuongezea dakika 20 pindi ukija kulipata swali hilo.

Kabla hajamaliza kusoma kisa, jicho lishashuka kwenye mipaka, yaani ukubwa wa data ya swali, n ikiwa idadi ya vitu. n haizidi 20? Anatabasamu: atajaribu michanganyiko yote, ni 1,048,576 tu. n ni 100,000? Kulinganisha kila kimoja na kila kingine ni hesabu karibu bilioni kumi, na sekunde mbili alizopewa hazitoshi. Apange kwanza, kisha atafute kwa kugawa nusu kwa nusu. Huo ni ujuzi, sibishi. Nawajua wenye vyeo ambao hawaelewi kwa nini ripoti yao inaganda data ikiongezeka.

Ila mtunzi wa swali keshamwahidi kwamba kitakachoingia ni nambari, tena imo ndani ya mipaka. Mimi nani aliniahidi? Nimeandika programu ya mizani kwa tajiri mmoja wa samaki hapa. Nambari za simu huja na 07, huja na +254, na moja imekuja na maneno "ya mkewe". Jioni tajiri hukata deni la nyavu. Nikamuuliza linakatwaje.

"Inategemea."

Inategemea nini?

"Mtu mwenyewe."

Mashindano na yawapime washindani, wamekubaliana. Kinachonikera ni waajiri wanaomfungia mtu saa nzima na mafumbo hayo hayo, ilhali kazi inayomngoja ni kufumbua programu iliyoachwa na aliyeondoka bila kuaga.

Juzi nilimpa mpwa wangu majina ya samaki ayasafishe, maana karani wa mizani huandika samaki aitwaye changu kwa tahajia aliyoamka nayo. Haraka haraka akaleta umbali wa Levenshtein, yaani kuhesabu ni herufi ngapi zibadilike, ziongezwe au ziondolewe ili neno moja liwe jingine. Safi kabisa: "chngu" na "changuu" zikarudi kundini. Kisha ikaunganisha kaa na taa, viumbe wawili tofauti wa baharini, kwa sababu ya herufi moja, na tewa na chewa, ambaye ni samaki yuleyule, ikawaacha mbalimbali.

"Sasa mjomba, sheria ni ipi?"

Nikamwambia ashuke ufukweni akamuulize karani.