Kiingereza Tunacho, Mkazo Ndio Unaotuangusha

Kila ninaporudi Dodoma kwa likizo, jambo ninaloulizwa na vijana wa nyumbani kuliko yote ni namna ya kuongea Kiingereza bila kubabaika. Mshahara huulizwa kwa kunong'ona na baridi huulizwa kwa kicheko, lakini Kiingereza huulizwa kwa uso wa mtu anayetafuta dawa. Safari hii aliyeniuliza ni binti wa dada yangu, muuguzi aliyesomea hapa hapa mjini, ambaye anajiandaa kufanya IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza. Binti huyu anasoma maandiko ya kitabibu bila kufungua kamusi, na kila siku anajaza mafaili ya wagonjwa kwa Kiingereza kisicho na dosari, lakini ukimwomba akusimulie kwa mdomo kile alichokiandika asubuhi, sauti inashuka na macho yanatafuta sakafu. "Mama mdogo," aliniambia, "nikifungua mdomo tu najiona nachapia."

Hali yake si ngeni. Dodoma ni mji unaoishi kwa Kiswahili kuanzia bungeni hadi soko la Majengo, na mimi ninayeishi Leeds, Uingereza, naliona hilo kuwa neema ambayo mataifa mengi ya Afrika hayanayo. Hata hivyo, neema hiyo ina gharama yake kwa anayetaka kufanya kazi nje. Mtoto wa shule ya serikali kwa kawaida husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akiingia kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza, na Kiingereza chenyewe anakutana nacho ubaoni, daftarini na kwenye karatasi ya mtihani, mahali ambapo kila kosa linasubiriwa na kalamu nyekundu. Zipo shule zinazomvisha kibao mwanafunzi aliyekamatwa akiongea Kiswahili, zikidhani zinamfundisha Kiingereza. Kinachofundishwa hapo ni kunyamaza, kwa sababu mwanafunzi mwerevu hugundua upesi kwamba asiyesema lolote hakamatwi kwa lugha yoyote.

Nje ya shule kuna kicheko. Mzungu akifika Nyerere Square akasema "mimi nataka enda stendi", watu humpongeza na kumwambia anajua Kiswahili, lakini Mgogo mwenzetu akikosea kitenzi kimoja cha kimombo mbele ya kamera, kipande hicho cha video kitazunguka kwenye simu za watu wiki nzima. Sijui ni nani aliyetuambia kwamba lugha ya watu ni lazima tuizungumze vizuri kuliko wao wanavyozungumza yetu.

Katika wodi ninayofanyia kazi huko Leeds, hakuna mwenye muda wa kukucheka. Zamu moja inaweza kuwa na Mfilipino, Mhindi kutoka Kerala, Mnigeria, Mzimbabwe na Mwingereza mmoja au wawili, na kila mmoja anaongea Kiingereza chenye harufu ya kwao. Kosa la sarufi hupita kama halikutokea. Jambo linalokukwamisha ni kutoeleweka: unasema sentensi iliyonyooka, mwenzako anakunja uso na kuomba urudie, unarudia kwa sauti kubwa zaidi, anaomba tena, na ikifika mara ya tatu unaanza kuamini kwamba hujui Kiingereza. Niliporudisha nyuma mazungumzo ya namna hiyo kichwani na kuyachambua, niliona kwamba mara nyingi msamiati ulikuwa sahihi na sarufi ilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni mkazo, yaani uzito wa sauti unaowekwa kwenye silabi fulani ya neno.

Tuliosoma Kiswahili sekondari tunakumbuka kwamba katika lugha yetu mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kwamba kila silabi hupewa haki yake bila irabu kumezwa. Maneno yanayokaidi ni machache, na mfano unaopendwa na walimu ni "barabara": ukiikaza "ba" ya pili umetaja njia ya magari, ukiikaza "ra" ya kwanza umesema kazi imefanyika sawasawa. Kiingereza kimejaa mabadiliko ya namna hii. Neno "photograph" hukazwa mwanzoni, "photographer" hukazwa kwenye silabi ya pili, na "photographic" kwenye ya tatu, huku silabi zisizo na mkazo zikififishwa hadi irabu zake zote zinakaribia kufanana, yaani sauti fupi isiyo "a" wala "e", ambayo ndiyo irabu inayosikika kuliko zote katika Kiingereza ingawa haina herufi yake katika alfabeti. Sikio la Mwingereza hutafuta kwanza silabi nzito na kukisia neno kutokana nayo, kwa hiyo silabi nzito ikikaa pasipo mahali pake, anakuwa amepotezwa kabla hujamaliza kutamka.

Hapo ndipo maneno tuliyoyakopa yanapotusaliti, kwa kuwa tunadhani tunayajua tayari. Sisi tunasema "hospitali" kwa kuikaza "ta" na "ofisi" kwa kuikaza "fi", ilhali Waingereza wanakaza mwanzo wa maneno yote mawili. "Hoteli" na "polisi" zina bahati, maana mkazo wetu umeangukia palepale penye mkazo wao. Chukua pia "comfortable", neno ambalo muuguzi hulitumia kutwa nzima anapomgeuza mgonjwa kitandani. Sisi hulisoma kama lilivyoandikwa, silabi zote nne, tena kwa kuikaza ile ya tatu, ilhali wao husema kitu kinachokaribia "KAMF-ta-bo", silabi tatu, na uzito wote uko mwanzoni.

Kuna nyumba moja ya kutunzia wazee ambako nilifanya kazi kabla ya kuingia hospitali. Wakati wa kukabidhiana zamu, Mtanzania mwenzangu alieleza kwamba mzee wa chumba cha mwisho anaweza kutembea kwa fimbo, "He can walk with his stick", na neno "can" akalitamka kwa "a" iliyo wazi na uzito uleule alioyapa maneno mengine yote. Aliyepokea zamu alisikia "can't" na akaandika hivyo. Mzee yule, ambaye fahari yake ilikuwa kwenda msalani kwa miguu yake mwenyewe, alishinda siku nzima akinyanyuliwa kwa mashine huku akilalamika, na walioyasikia malalamiko yake walidhani ni uzee tu unaosema. Katika usemi wa kawaida wa Waingereza, "can" ya kukubali humezwa hadi inabaki kama "kn", na uzito hupelekwa kwenye kitenzi kinachofuata. Uzito ukibaki kwenye "can" yenyewe, msikilizaji huelekea kusikia kukanusha. Sarufi ya mwenzangu ilikuwa safi kabisa.

Kwa sababu hiyo sikumshauri binti wa dada yangu aongeze orodha ya misamiati, ambayo tayari anayo ya kumtosha. Nilimwambia achague sauti fupi ya nusu dakika, ya mtu anayeongea kwa mwendo wa kawaida. BBC Learning English, kwa mfano, wanazo nyingi bila malipo kwenye intaneti, pamoja na maandishi yake. Aisikilize kwanza bila kusoma, kisha aifuate akiwa na maandishi na penseli, akipiga mstari chini ya kila silabi anayoisikia kuwa nzito, na baadaye agonge meza kwa kidole kila silabi hizo zinapopita. Mwisho aongee pamoja na sauti ile, akiwa nyuma yake kidogo tu, bila kusimama hata akikosea. Wanaoimba kwaya, na Dodoma kwaya hazikosekani, wanaijua kazi hii, kwa kuwa mwalimu wao huwashikisha sauti mstari kwa mstari hadi ikae, kabla ya kuwaunganisha na sauti nyingine.

Alianza na kipande cha mtu anayeeleza alivyokosa basi. Mwanzoni alikuwa akiigonga meza kwenye kila silabi, kwa usawa, kama tunavyofanya sote, hadi nilipomwomba aache kutamka maneno na abaki akivuma tu kwa pua, akiyafuata mapigo. Hapo alisikia kwamba kuna maneno mazima, yakiwemo "to", "for", "and" na "was", ambayo msemaji aliyapitia haraka kana kwamba yalimwia aibu. Baada ya hapo nilimtaka aifunge sauti ile na anisimulie yeye mwenyewe jambo lililomtokea kazini, kwa mapigo yale yale, huku simu ikimrekodi. Kila mtu huchukizwa na sauti yake anapoisikia kwa mara ya kwanza, na hakuna haja ya kuhangaika nalo. Muhimu ni kwamba aongee mambo yake: mgonjwa alilalaje, dripu iliisha saa ngapi, ndugu waliokuja kumwona waliuliza nini.

Mazoezi haya hayahitaji Mzungu. Yeye na rafiki yake wamekubaliana kwamba wakitoka kazini pamoja wataongea Kiingereza njia nzima, na kwamba hakuna kumsahihisha mwenzako katikati ya sentensi. Sharti hilo la pili ndilo lenye faida kubwa zaidi, kwa kuwa ujasiri hujengwa na sentensi zilizofika mwisho.

Yapo mambo mawili ambayo Kiswahili chetu hutupeleka kombo, na kwa muuguzi si ya kupuuzwa. La kwanza ni "he" na "she". Kiambishi chetu "a-" hakimtofautishi mume na mke, kwa hiyo hata watu waliobobea huteleza, na bibi wa watu anaitwa "he" mbele ya wajukuu zake. Dawa yake ni kusimulia kila siku kisa kifupi chenye babu na bibi ndani yake, taratibu, hadi ulimi uzoee kuchagua. La pili ni maswali ya kukanusha. Tukiulizwa "Hujanywa dawa?" tunajibu "Ndiyo", tukimaanisha kwamba ni kweli hatujanywa, lakini Mwingereza akisikia "Yes" kwa swali kama hilo anaandika kwamba dawa imenywewa. Katika wodi usijibu kwa neno moja. Sema sentensi nzima, "I haven't taken it", na hakuna atakayekosea.

Kuhusu lafudhi, sioni sababu ya kujitesa. Mama anayeuza zabibu Majengo huongea Kiswahili chenye lafudhi ya Kigogo isiyofichika, na sijawahi kumwona mteja akimwomba arudie bei. Leeds nako watu wana lafudhi yao ya Yorkshire, wanaimeza "the" hadi inabaki "t" ya kukatika, na dereva wa basi humwita kila abiria "love" bila kumaanisha lolote. Kwenye IELTS sehemu ya kuongea hufanyika kwa dakika 11 hadi 14 na hupimwa kwa mambo manne yenye uzito sawa, yaani ufasaha na mtiririko, msamiati, sarufi, na matamshi. Kwenye matamshi mtahini huangalia kama unaeleweka bila kazi kubwa, na lafudhi yako ya Kiafrika haikuondolei alama kwa kuwa ya Kiafrika. Anayetaka kusajiliwa na NMC, baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza, kwa mtihani huo anahitaji alama 7 katika kuongea, kusikiliza na kusoma, na 6.5 katika kuandika. Niongeze pia, kwa kuwa mawakala bado wanazunguka na ahadi zao, kwamba njia ya kuajiriwa kutoka nje kama mhudumu wa matunzo, asiye muuguzi, ilifungwa Julai 2025, na anayekuuzia nafasi hiyo leo anakuuzia hewa.

Simu ndiyo ngumu kuliko yote, maana haina uso wala mikono ya kukusaidia. Utapiga maabara kuulizia majibu, na wa upande wa pili atataka jina la mgonjwa herufi kwa herufi. Hapa Mtanzania hukwama kwenye irabu: akiisoma "E" kwa Kiswahili, Mwingereza anaandika "A", na akiisoma "I" kwa Kiswahili, Mwingereza anaandika "E", na jina linalotoka hapo si la mtu yeyote aliyelazwa. Suluhisho lipo tayari, nalo ni alfabeti ile ya marubani, Alpha, Bravo, Charlie hadi Zulu, ambayo hospitalini kila mtu anaielewa. Namba za simu nazo zisomwe kwa makundi, sifuri ikiitwa "oh" na nne mbili zinazofuatana zikiitwa "double four". Binti wa dada yangu nimemwachia kazi ya kutaja majina ya ukoo ya jirani zetu wote wa Area C kwa alfabeti hiyo, kila jioni, kwa sauti ya kusikika hadi uani.