Siku moja stoo, kiwanda cha kuunda malori Thika

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko steji nangoja matatu. Saa moja nimeshavaa ovaroli na kufungua stoo. Watu wakisikia nafanya kazi kiwanda cha magari hudhani nashika spana. Nikisema mimi ni karani wa stoo, wananionea huruma.

Malori yetu hutoka Japani yakiwa vipande ndani ya kontena, yanashushwa Mombasa, kisha yanapanda huku bara. Toyota kule kwao huletewa vipuri saa vinapotakiwa, lakini Februari 1997 kiwanda cha Aisin kilichowatengenezea vali za breki kiliungua, na viwanda vyao vingi vikasimama siku kadhaa. Sisi tulio mbali hivi lazima tuweke akiba. Akiba nayo ni pesa iliyolala rafuni, kwa hiyo wakubwa wanataka ipungue. Hapo katikati ndipo nilipo mimi.

Hadi saa tatu ni kutoa vipuri na kutia sahihi.

Saa tatu na robo supavaiza wa laini ya kuunda malori akaja mbio. "Dada, mipira ya kushikia vioo vya mbele iko wapi?" Kompyuta ilisema 14. Nikafungua sanduku, ikawa 14 kweli, ila nilipopitisha kidole kwenye mfereji wa mpira wa sita, pale kioo kinapokaa, hakikuingia. Tisa ilikuwa ya modeli nyingine, na lebo ni ileile. Mitano tu ndiyo yetu, na kabini nane zinangoja. Kabini isiyo na kioo haisogei, na za nyuma yake hazina pa kupita. Laini ikasimama. Mafundi hodari, watu wa miaka ishirini kazini, wakakaa juu ya makreti mikono mitupu.

Mzee wa vioo akanifuata uani. "Tutaipata, binti yangu." Tukaanza kufungua masanduku ya ile modeli nyingine, juani, misumari ikikwaruza vidole. La kwanza, la tano, la kumi na mbili. Chai ilipita. Chakula kilipita. Kila simu ilipolia nilijua ni laini wananiulizia. Tulipoiona, Mzee aliingiza kidole mferejini, akanitazama, akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa paa.

Kompresa za laini zilipoanza kunguruma tena, machozi yalinilenga.

Wenzangu walipoenda kupanda matatu nilibaki. Nikahesabu mipira ya milango, mmoja mmoja, nikipitisha kidole kila mfereji. Ilikuwa 40. Kompyuta nayo ilisema 40. Nikafunga stoo.