Waya wa Tairi

Leo asubuhi vijana wa vyuma chakavu wamechoma matairi tena kule bondeni. Moshi ukapanda mpaka kwetu, mweusi, mzito, na nguo zangu zote ziko kambani. Nikatoka mbio kuzianua. Mwanangu akanifuata na kikombe chake cha uji, akasimama mlangoni akinusa.

"Mama, wanachoma ya nini?"

"Wanatafuta waya. Ndani ya tairi mna waya."

"Waya wa nini?"

Nikamwambia amalize uji, atachelewa shule. Akamaliza, akaondoka. Mimi nikabaki pale uani na shuka la kitanda mikononi, nimesahau kuwa nilikuwa naanua.

Harufu ile kwangu ni ya nyumbani, Mugumu, jirani na hifadhi ya Serengeti, nyuma ya nyumba ya baba mdogo. Na tangu Juni 2014 ni harufu inayonirudisha kwa twiga mmoja.

Nilikuwa mwaka wa nne SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine, nasomea udaktari wa wanyama, nimekwenda Serengeti kwa mafunzo kwa vitendo. Wiki mbili za kwanza sikugusa mnyama aliye hai. Niliosha vyombo, nilibandika lebo kwenye vichupa vya damu, nilimbebea dokta begi. Kisha asubuhi moja dereva wa watalii akatoa taarifa: upande wa Mto Grumeti kuna twiga jike anachechemea, mguu wa mbele wa kulia umevimba, na ana ndama.

Tulimkuta kwenye migunga saa nne hivi. Kwa darubini nikauona uvimbe juu ya kwato, mkubwa kama kibuyu. Kila akikanyaga aliuinua mguu haraka, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Ndama alikuwa nyuma yake, hatua ishirini.

Kabla ya kugusa dawa, dokta alivaa glavu mbili mbili na miwani ya kuziba macho, akaniita nyuma ya gari. Juu ya boneti alikuwa amepanga sindano mbili zilizokwisha kujazwa dawa ya kuizimua ile ya usingizi.

"Hii ya twiga. Hii yangu. Nikianguka usikimbilie redio, nidunge kwanza. Hapa pajani, juu ya suruali. Umeelewa, binti?"

"Nimeelewa, dokta."

"Rudia."

Nikarudia, sauti ikinitetemeka. Dawa yenyewe ni etorfini, kazini wanaiita M99. Nguvu yake ni zaidi ya mara 1,000 ya mofini, na tone likiingia kwenye mchubuko wa kidole linaweza kumuua mtu. Kipimo cha twiga mzima hakijazi kizibo cha soda. Nilimtazama akiivuta kwenye sindano ya bunduki, hapumui, nami sikupumua.

Twiga si kama simba. Simba akilala kwa dawa amelala, unamshona taratibu mpaka unamaliza. Twiga moyo wake unasukuma damu kupanda shingo ya karibu mita mbili, na shinikizo la damu yake ni kama mara mbili ya letu. Ukimwacha chini ya dawa muda mrefu pumzi inafifia, joto la mwili linapanda, na majani ya tumboni yanaweza kurudi juu yakaingia kwenye mapafu. Kwa hiyo anapigwa dozi kubwa ili aanguke upesi, na akishaanguka tu anachomwa dawa ya kuiondoa ile ya kwanza. Kuanzia hapo yuko macho. Kinachomzuia asiinuke ni watu, kwa sababu twiga hawezi kusimama bila kuirusha shingo yake kwanza.

"Wewe utakaa shingoni," dokta akaniambia.

Sindano ilimpata begani. Alikimbia, tukamfuata na gari. Baada ya dakika chache mwendo ukabadilika, akawa anatupa miguu juu, kichwa kimeangalia mbinguni. Askari wakashuka na kamba, wanne upande huu, wanne upande ule, wakaipitisha mbele ya kifua chake wakavuta. Akaenda chini kwa vipande. Magoti, kisha kifua, kisha ubavu. Shingo ikafika mwisho, peke yake, ikatua kwenye nyasi na kishindo nilichokisikia kwenye nyayo zangu.

"Shingoni! Shingoni!"

Nikakimbia, nikajilaza juu yake chini kidogo ya taya. Askari wawili wakajilaza nyuma yangu. Mwingine alimfunika macho kwa shuka na kumziba masikio kwa pamba. Dokta akapiga magoti karibu na kiwiko changu, akautafuta mshipa kwa dole gumba, akachoma. Akaniambia, "Sasa hivi anaamka. Usiogope, lakini usiachie."

Nilimsikia akiamka. Sijui nisemeje. Kwanza ilikuwa shingo tu chini yangu, nzito, moto kuliko nilivyotarajia, na kupe wawili mbele ya pua yangu. Halafu ikawa yeye. Misuli ilikaza yote kwa pamoja, ikatuinua sisi watatu kama kiganja, ikatushusha. Mshipa mkubwa ulikuwa unagonga chini ya mbavu zangu za kushoto, polepole kuliko moyo wangu. Akameza. Tonge lilipita chini ya tumbo langu, nikalisikia likishuka mpaka likawapita na wale askari nyuma yangu. Pembeni ya shuka kope zilikuwa zimejitokeza, ndefu, nyeusi, zina vumbi, na kila akipepesa zilinigusa mkono. Pumzi yake ilinuka majani ya mgunga yaliyotafunwa. Hakulia. Ng'ombe angepiga kelele, mbuzi angetuitia kijiji kizima. Yeye alikuwa anapumua tu, na mimi bila kujua nilikuwa nimeanza kupumua naye.

"Dakika tano," askari mwenye saa akasema.

Huko miguuni sikuona kitu. Nilisikia dokta akisema nyama imeshaanza kuufunika waya wa mtego, kwamba kuna funza, kwamba kano bado nzima, namshukuru Mungu. Nikasikia koleo likikata, tak, na mara ya pili, tak. Kisha povu la peroksaidi likichemka kwenye kidonda. Twiga akajikaza tena, tukapanda, tukashuka. Dokta akaurusha waya kando. Ukatua kwenye nyasi, pale pale usoni pangu, hata urefu wa mkono haukufika.

Nilikuwa siwezi kusogea. Ningegeuza uso upande wa pili kungekuwa na kope zile. Nikautazama waya.

Ulikuwa waya wa tairi, nyuzi zimesokotwa pamoja, una damu na usaha, lakini kwenye mikunjo masizi yalikuwa bado. Waya wa tairi lazima uchomwe. Moto unaondoa mpira, na unaulainisha chuma ukapindika bila kukatika. Nalijua hilo kabla sijajua kusoma. Baba mdogo alichoma usiku, na asubuhi sisi watoto tulipewa kazi ya kunyoosha. Unauzungusha waya kwenye shina la mti, mmoja huku mmoja huku, mnavutana mpaka unyooke. Tulirudi ndani tuna viganja vyeusi, tukichekana.

Na fundo nililijua. Waya umezungushwa mara tatu, ukabanwa, kisha ncha ikakunjwa kurudi ndani ili isimchome anayetega. Koleo lilikuwa limekata upande mwingine, fundo likabaki zima. Baba mdogo alinionyesha siku moja nikiwa darasa la pili, akanishika vidole vyangu akavipeleka: moja, mbili, tatu, rudi ndani.

Sisemi lilikuwa lake. Miaka hiyo alikuwa ameshaacha, na fundo lile si la mtu mmoja, kule kwetu wengi wanalifunga hivyo. Lakini nilikuwa nimemlalia mnyama aliye macho, anapata maumivu na haelewi kwa nini, na mbele yangu kuna kazi ya mikono ambayo vidole vyangu vinaijua.

Ada ya shule ya bweni ya serikali wakati wangu ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka. Baba alikuwa ameshafariki. Ada ile ilitoka kwenye kimoro, nyama kavu ya nyumbu iliyouzwa usiku kwa vipande, na godoro langu na sanduku la bati vilitoka huko huko. Mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yalitangazwa 1994, nikiwa mdogo sana, na wazee wetu walikuwa wanawinda humo tangu zamani kwa upinde. Waya ulikuja baadaye. Sitaki kumtetea mtu hapa. Nimeona kidonda kile. Mshale una mtu nyuma yake anayeangalia anachokilenga. Waya hauangalii. Umetegwa kwa ajili ya nyumbu, anaingia twiga, anaingia fisi, anaingia simba mwenye mimba, na aliyeutega akisahau alipouacha unaendelea kungoja peke yake. Nasema hivyo, na kila ninachokisema nimekisomea kwa pesa ile.

"Wa miguuni ondokeni. Kambani ondokeni. Wa shingoni mtakuwa wa mwisho, kimbilieni mgongoni kwake, msipite mbele ya miguu."

Dokta alikuwa amemaliza. Iodini, dawa ya kupuliza ya bluu, sindano ya antibayotiki ya kukaa siku kadhaa. Askari akatoa pamba masikioni, akavuta shuka. Kwa kitambo jicho lile likanitazama, kubwa, la kahawia, nikajiona humo na kofia yangu. Nikaachia, nikakimbia.

Alirusha shingo mara ya kwanza ikashindikana. Mara ya pili ikamvuta kifua. Mara ya tatu akasimama, akayumba, akaukanyaga ule mguu, akauinua, akaukanyaga tena. Ndama alitoka kwenye migunga akamjia chini ya tumbo. Wakaenda zao, hawakukimbia.

Afande mmoja akauokota waya akautia kwenye mfuko wa ushahidi, akaandika mahali tulipo. "Watu wa huku hawana huruma," akasema, wala hakumwambia mtu yeyote hasa. Nikakunja glavu zangu.

Dokta alikuja na dumu la maji, akanimiminia nikanawa.

"Unatokea wapi vile, binti?"

"Mugumu, dokta."

Akaendelea kumimina. "Nawa mpaka kwenye viwiko," akasema. Hakuniuliza lingine, si siku ile wala baadaye.

Mafunzo yalipoisha nilipita nyumbani siku tatu. Baba mdogo alikuwa anapukuchua mahindi barazani. Nilimwamkia, akaitikia, akanisogezea kigoda na mimi nikashika gunzi. Nikamsimulia habari ya twiga. Sikumsimulia habari ya fundo, nilisema tu kwamba ulikuwa waya wa tairi. Hakuninyamazisha, hakukohoa, hakuinua macho. Nilipomaliza alikaa kimya muda, mahindi yakidondoka kwenye ungo.

"Alisimama?"

"Alisimama, baba."

"Haya."

Akachukua gunzi jingine. Mpaka anafariki hatukuyazungumza tena, na siku ya mazishi nililia kuliko wanawe.

Mwaka 2017 TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na Frankfurt Zoological Society, shirika la uhifadhi la Ujerumani, walianzisha vikosi vya kung'oa nyaya Serengeti, watu wanaotembea kwa mguu kutwa wakitafuta mitego vichakani. Mwaka 2019 twiga wetu huyu, twiga wa Kimasai, akaingizwa kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Mimi natibu ng'ombe na mbwa wa Morogoro. Habari za huko nazisoma usiku watu wakishalala, na kila nikiona picha ya mitego iliyokusanywa imelundikwa chini naikuza kwa vidole, natafuta mafundo.

Jioni ya leo mwanangu amerudi na mkono mmoja nyuma. Amepita bondeni na wenzake. Kwenye majivu wameokota mabaki, kila mmoja kipande chake. Chake kina urefu wa mkono wangu, kimepinda pinda, kina masizi mpaka kwenye shati la shule. Anataka kutengeneza gari la waya, anasema, anajua bodi litakavyokuwa, kinachomshinda ni matairi.

Nilitaka kukitupa. Nimekishika, nimekwenda mpaka kwenye pipa, nimerudi. Nikamwambia shika huku, nami nikashika huku, tukauzungushia waya kwenye nguzo ya kamba ya nguo, tukavutana. Alicheka sana. Ulipokwisha kunyooka nikaukunja duara kwa kuufuata mdomo wa kikombe chake cha uji, nikafunga. Moja, mbili, tatu. Ncha nikairudisha ndani, isimchome.

"Mama, nani alikufundisha?"

"Babu yako mdogo," nikasema.

Akaliangusha gurudumu sakafuni kujaribu, likazunguka mpaka chini ya meza.